Mume Aliye Safari

Kwa karibu miaka minne nilikuwa karani wa kiongozi asiye na cheo, katika ofisi isiyokuwa ofisi, nikipiga taipu barua zilizokwenda kwa watu wasiopenda kusoma. Nikieleza hivi siku hizi watu hucheka. Wakati ule sikuona cha kuchekesha. Kila asubuhi nilipanda kwa miguu kutoka chumba changu cha Kisenyi hadi nyumbani kwake Mengo, humo humo Kampala, siku za mvua nikiwa nimeshika viatu mkononi, na kila asubuhi nilimkuta ameshakaa kwenye meza ya kulia chakula, gomesi, lile gauni refu la Kiganda, imefungwa mshipi vizuri, miwani iko puani, anatazama saa ya ukutani.

"Umecherewa, mwana wange."

"Mheshimiwa, bunge limefungwa. Nimechelewa wapi?"

"Bunge limefungwa, mimi sijafungwa. Kaa chini."

Nilimwita Mheshimiwa kwa sababu kweli alikuwa hivyo, na kwa sababu hakuitika jina lingine saa za kazi. Enzi za Waingereza alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mji upande wetu. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na ualimu haukumtoka hata siku moja. Siku yake ya kwanza barazani, mwenyekiti alimwomba awamiminie wazee chai, maana mwanamke ameshapatikana. Akainuka. Akamimina vikombe vyote, akapiga magoti mbele ya kila mmoja kama alivyolelewa, kisha akamgeukia mwandishi wa kumbukumbu na kumwambia aandike kwamba mjumbe mpya amehudumia chai, na sasa anaomba wajumbe, wakiwa bado wanakunywa, wasikilize hoja yake kuhusu choo cha wanawake sokoni. Choo kilijengwa. Wanawake wa sokoni walikiita kwa jina lake miaka mingi, na yeye hakuona ubaya wowote.

Hayo magoti yalinikera. Mimi nimelelewa Mombasa kwa shangazi yangu, kabla ya kumfuata baba Kampala alikohamishwa na kazi ya reli. Kwetu mkubwa anaamkiwa kwa shikamoo, miguu imenyooka, yamekwisha. Kwao Mengo mwanamke hupiga magoti, sawa, kila watu na heshima zao. Lakini Mheshimiwa alipiga magoti hata mbele ya mwanamume ambaye dakika tano baadaye angemuumbua hadharani. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mwanamume akishapigiwa magoti hujiona ameshashinda, na anayejiona ameshinda ndiye hukaa akasikiliza. Jibu hilo lilinikera zaidi.

Wanajeshi waliposhika nchi, yeye wakati huo akiwa mbunge, wabunge wote waliambiwa waende makwao. Wengine walivuka mpaka, wengine wakafyata mkia. Yeye alikwenda kwake kweli, na kesho yake saa mbili kamili akafungua ofisi kwenye meza ya kulia, akatuma mtu kuniuliza niko wapi. Mshahara wangu ukageuka matoke na maharage, na mara moja moja kipande cha sabuni, ambacho siku zile hakikudharauliwa. Ndugu zangu waliniandikia nirudi Kenya. Niliwajibu kwamba nitarudi mwezi ujao. Hiyo "mwezi ujao" niliiandika mpaka wakaacha kuuliza.

Kisha redio ikatangaza kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Waganda wa Mengo walikunja uso, maana kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kufokewa na askari. Mheshimiwa hakukunja chochote. Alisema ofisi zote sasa zina wanajeshi ndani, na hakuna mwanajeshi atakayejifunza Kiluganda kwa ajili yake, kwa hiyo mimi nitamfundisha Kiswahili, kuanzia leo, nusu saa kabla ya barua.

Nimefundisha watoto watukutu shule ya Jumapili. Nimemfundisha mama yangu mdogo kupanda baiskeli. Sijawahi kuteseka kama nilivyoteseka na "r" na "l" za mama yule.

"Habali za asubuhi," alisema.

"Habari, Mheshimiwa. Ri."

"Ndiyo. Habali. Nimeandika balua kwa asikali."

"Barua! Askari!"

Nilipaza sauti, nakiri. Niligonga meza kwa rula yake mwenyewe. Yeye aliyefundisha watoto wa watu kusoma miaka kumi na tano alikaa ananitazama kwa utulivu mkubwa, anaandika kitu kwenye daftari lake dogo lenye jalada la bluu. Nilidhani anaandika maneno. Sikuomba kuliona. Laiti ningaliomba.

Wanawake walikuwa wakija kwake kila wiki, na wengi wao waume zao hawakuonekana. Hivyo ndivyo tulivyosema, hawaonekani. Kusema wameuawa lilikuwa kosa. Serikali ilisema wamekimbia nchi, na aliyebisha aliulizwa amejuaje. Mjane, basi, hakuwa mjane. Na kama si mjane, hana haki ya mjane, na mke naye si mke, maana mume hayupo kumsemea. Nilipiga taipu barua za namna hiyo mpaka utepe wa wino ukawa kijivu, na madukani hakukuwa na mwingine, tukawa tunaupaka wino wa mhuri kwa pamba. Majibu hayakuja. Nilimwambia Mheshimiwa kwamba tunapoteza karatasi. Akasema karatasi ni yake.

Ndipo alipokuja mke wa sajini.

Alikuwa mwanamke mrefu wa kaskazini, mwenye kusema kidogo, aliyezaliwa kambini na kuolewa kambini. Mumewe alikuwa sajini wa polisi. Asubuhi moja kapteni aliyekuwa msimamizi wa kambi yao alimwita kwa jina kutoka kwenye gwaride, akamfungulia mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe, na gari likaondoka. Mkewe aliona yote akiwa mlangoni kwake na nguo za kuanika mikononi. Tangu siku hiyo alikuwa amepita hospitali ya Mulago kitanda baada ya kitanda, na vituo vya polisi kimoja baada ya kingine. Mwishowe kapteni yule yule alimwita na kumwambia kwamba mumewe amekimbia, kwamba nyumba ni ya polisi na aliyekimbia si polisi tena, kwa hiyo aondoke ifikapo mwisho wa mwezi.

Alikuwa na watoto wanne. Kwao kaskazini hakuthubutu kwenda, maana vizuizi vya njiani vilikuwa vinauliza kabila.

"Mimi nataka nyumba tu, mama," alimwambia Mheshimiwa kwa Kiswahili chake cha kambini. "Bwana yangu mimi nitatafuta polepole. Lakini hii watoto nalala wapi?"

Mheshimiwa alinitazama, na nikatia karatasi kwenye mashine.

Alianza, kama kawaida yake, na salamu. Aliuliza hali ya kapteni, ya nyumba yake, ya watoto wake, ya kazi yake, ya mifugo yake kama anayo. Nilimkumbusha kwamba mtu huyu anamfukuza mama na watoto. Akasema hiyo si sababu ya kutomsalimu. Ukurasa ulifika nusu kabla hatujafika kwenye nyumba. Hatimaye tukafika: sisi raia wema wa serikali tunaomba mama huyu aachwe alipo, kwa kuwa hana mahali pa kwenda. Nikapiga taipu, nikaisoma mara mbili, haikuwa na kosa hata moja. Nilijisifu kimoyomoyo.

Kesho yake nikamkuta ameshika bahasha iliyofungwa. Alikuwa ameinakili barua nzima kwa mkono.

"Balua ya taipu ni ya kufukuza watu," alisema. "Ya heshima naandikwa na mukono."

Ningemwambia aifungue. Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka, na matope yalikuwa yamenifika magotini, nikaona mwandiko wake kwenye bahasha ni mzuri kuliko taipu yangu, nikanuna tu.

Tukaenda watatu. Ofisi ya kapteni ilikuwa chumba cha mabati pembeni mwa kambi, na meza, na kiti kimoja alichokalia yeye. Alikuwa kijana, labda wa umri wangu. Mheshimiwa aliingia, akakusanya gomesi yake, akapiga magoti kwenye ile sakafu ya saruji, mama wa miaka hamsini na ushee, na kumwamkia kwa Kiluganda kirefu. Kapteni alishtuka.

"Simama, mama. Nataka nini?"

Akapewa bahasha. Akaifungua, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Sisi... raia... wema... wa serikari."

Nikafumba macho. Salamu zikaendelea. Alizisoma zote, za nyumba na za mifugo, na nikaona uso wake unalegea kidogo, nusura nianze kuamini ile hekima ya salamu. Kisha akafika.

"Kwa kuwa... mama huyu... hana mahari."

Akaacha kusoma. Kapteni alikuwa Mwislamu, na neno hilo alilijua kuliko maneno yote ya barua ile.

"Hana mahari?"

"Ndiyo, afande," alisema Mheshimiwa, kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata jibu. "Hana mahari kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa. Hata hapa Kampala, hata kwao."

"Mheshimiwa," nilisema.

"Nyamaza, mwana wange, naongea."

Kapteni aliikunja barua. "Basi hii si bibi ya sajini. Mutu hakutoa mahari, mwanamuke ni rafiki tu. Rafiki hapana kaa kwa nyumba ya polisi."

Mke wa sajini alisimama. "Ng'ombe sita! Bwana yangu alitoa ng'ombe sita kwa baba!"

"Barua yenu nasema hakuna."

"Barua nadanganya!"

"Basi bwana mwenyewe akuje hapa, aseme alitoa ng'ombe. Mimi nitasikia."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, yule aliyefungua mlango wa gari. Sijui kama kuna hasira inayoweza kumfanya mtu azimie. Tulitoka nje, na kwa kuwa sikuweza kumpigia kelele kapteni, nilimpigia Mheshimiwa, barabarani, mchana kweupe.

"Nani alikwambia uandike mahari? Nilikuandikia mahali! Ma-ha-li!"

"Wewe ndiye uriniambia!"

"Mimi?"

Akatoa lile daftari la bluu kwenye mkoba. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni maneno yote niliyomfokea: habari, barua, askari, barabara, hatari. Chini yake alikuwa amepiga mstari na kuandika kanuni. Baada ya "a", Waswahili husema "r". Alikuwa mwalimu, alitafuta kanuni, akaipata. Kisha akaitumia kwa bidii kwenye barua nzima, serikari na mahari na vyote, na mwishoni, baadaye nikaja kujua, alikuwa ameandika kwamba ameileta barua hii kwa karamu yake mwenyewe.

Mahali lilikuwa karibu neno pekee alilokuwa akilisema sawasawa siku zote. Nikalipotosha mimi, kwa rula.

Tukaendelea kubishana hata hivyo. Nikasema lugha haiendi kwa kanuni ya daftari, akasema lugha isiyo na kanuni ni ya wahuni, nikasema haya, na mahari ya mtu je. Mke wa sajini alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, anatutazama muda wote huo.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi nafukuzwa sababu ya nini? Hii herufi?"

Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia huwa natikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

Siku tatu Mheshimiwa hakuniita kwenye barua. Alikaa mezani anamenya viazi, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa anafikiri. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia na mimi nilikuwa nahangaika kutafuta chumba Kisenyi cha kumweka mama na watoto wanne, na hakukuwa na chumba. Siku ya nne akaweka kisu chini.

"Karani wa baraza akienda kazi nje ya muji, tulijaza nini?"

"Fomu ya safari, Mheshimiwa."

"Na bibi yake alihama nyumba?"

"Hapana. Hukaa mpaka mume arudi."

"Nilitia sahihi hizo fomu miaka sita kwa kamati," alisema, akafuta mikono.

Mimi kila mara nilipomwona anafuta mikono namna ile niliogopa. Nikamwambia hatuwezi kwenda tena kwa mtu yule, atatuweka ndani. Nikamwambia kwamba uongo wa serikali tuwaachie wenyewe. Akasema, vaa viatu.

Safari hii hakubeba barua. Alipiga magoti tena, kapteni akasema tena simama, naye akasimama na kuanza kwa sauti ya upole, kama anamsomesha mtoto mzito.

"Afande, sisi hatukuja kugomba. Tumekuja kukusaidia."

"Kunisaidia mimi?"

"Ukiandika sajini alikufa, watu watauliza nani alimuona mwisho. Sisi hatusemi hivyo. Ledio haisemi hivyo. Ukiandika alikimbia, wakubwa wako watauliza alikimbia namna gani, wewe ukiwa hapo hapo. Asikali akikimbia, mukubwa wake ndiye anajibu. Kweri ama si kweri?"

Kapteni alianza kupanga karatasi zake.

"Sasa mimi nasema, hakufa, hakukimbia. Iko safali. Wewe unajaza fomu ya safali, bibi anakaa kwa nyumba, na wewe huna mashitaka."

Nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza. Kapteni alitupa jicho dirishani, na nilimwona, wallahi nilimwona, anaogopa. Haikuwahi kunijia akilini kwamba hata yeye ana mtu anayemwogopa. Akavuta droo.

"Safari ya nini?"

"Andika kazi ya serikali."

Fomu nilijaza mimi, kwa kuwa kapteni aliisukuma upande wangu. Cheo: sajini. Sababu ya safari: kazi ya serikali. Tarehe ya kurudi. Nikamuuliza niandike nini. Akasema niache wazi. Akagonga mhuri kwenye ya kwetu na kwenye nakala.

Njia nzima Mheshimiwa alitembea kama siku aliyoapishwa. Mke wa sajini alibaki kambini na watoto wake, na habari zikaenea, na kabla ya Krismasi wanawake wengine wanane wa kambi ile walikuwa na waume walio safari, kwa mhuri na sahihi ya kapteni yule yule, ambaye sasa alimkaribisha Mheshimiwa kwa jina la "mama safari". Nilimvumilia Mheshimiwa akijisifu kwa majirani. Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Watu wazima wenye bunduki walishindwa na mama mmoja mwenye gomesi. Lakini kila nilipokutana na watoto wa sajini barabarani, na mdogo wao akinieleza kwamba baba yuko safari na atamletea viatu, nilimjibu "vizuri" na kuharakisha hatua. Nilimwambia Mheshimiwa juu ya viatu. Akasema niache kumtafutia makosa, watoto wanalala ndani.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja mke wa sajini alifika Mengo asubuhi kabla yangu. Alikuwa amekonda. Alikaa mkekani, akakataa chai, akatueleza kilichokuwa kimetokea kwao.

Alipopata ile fomu alimpa shemeji yake nakala aipeleke nyumbani kaskazini, ili mama wa mumewe ajue nyumba ipo. Shemeji aliisoma mbele ya watu. Mama yule mzee alisikia kwamba serikali yenyewe, kwa mhuri, inasema mwanawe yuko safari. Tangu siku ile aliamini. Alikuwa anampikia. Kila jioni alimtengea chakula na kukifunika, na asubuhi akakimwaga, na hakuruhusu mtu yeyote wa ukoo amlilie. Mke alipojaribu kuvaa nguo za msiba walimtumia salamu kali: unamlilia mtu aliye hai, unamtakia nini?

"Mimi nalia kwa choo," alisema. "Mwaka moja, mama. Nafunga mlango ya choo, nalia, natoka. Watoto nauliza baba narudi lini. Sasa nataka muandike alirudi. Akirudi, halafu afe. Mimi nimlilie kama watu."

Mheshimiwa alitikisa kichwa mara moja. "Haiwezekani. Ukisema alirudi, watasema tumuone. Watachukua fomu zote. Wenzako wanane na watoto wao watarala wapi? Hapana, nnyabo. Haiwezekani."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonichoma. Miaka minne ya kuamka mapema, matope, wino wa mhuri, vyote vilinipanda kwa pamoja.

"Mheshimiwa, huyu si hoja ya baraza! Huyu ni mjane! Sema neno hilo mara moja humu ndani, hakuna askari, sema! Ulimpa nyumba ukamnyang'anya msiba, na mimi nikakuandikia kwa mkono wangu huu!"

Sikuwahi kumsemesha hivyo, na nilingoja anifukuze. Alivua miwani yake. Bila miwani alikuwa mzee.

"Najua, mwana wange," alisema. "Unafikiri mimi sijui? Tia kalatasi."

Tulimuuliza mke wa sajini anataka nini kabisa, nyumba au kilio. Akasema kilio. Barabara ya kaskazini ilikuwa imetulia kidogo, watu walikuwa wanapita. Alisema akirudisha nyumba ya polisi kwa hiari yake, na akafika kwa mama mkwe na watoto wote na masufuria yote, mzee yule ataelewa mwenyewe, kwa maana mke wa mtu aliye safari harudishi nyumba. Hapo ndipo watalia pamoja.

Mheshimiwa aliniambia niandike mistari miwili bila salamu. Mke wa sajini anaacha nyumba ya polisi kwa ridhaa yake, anakwenda kumfuata mume wake huko aliko. Nikaisoma, nikaelewa. Haikutaja kifo, haikutaja kurudi, haikugusa fomu ya mtu mwingine yeyote. Nilitaka kumsifu, badala yake nikaichomoa karatasi mashineni.

Tulikwenda naye kurudisha ufunguo. Watoto wanne walikaa nje juu ya mizigo. Kapteni aliisoma ile barua fupi, akatabasamu kama mtu aliyepata habari njema ya jirani.

"Kumufuata? Kumbe alikuandikia barua? Sajini iko wapi sasa?"

Mheshimiwa alifungua kinywa kumjibu. Mke wa sajini alimtangulia. Aliweka ufunguo mezani, akamtazama kapteni usoni.

"Iko wapi, wewe ndiyo najua, afande."

Tabasamu lilibaki usoni mwake kidogo, halina kazi. Kisha akainama juu ya barua na kuanza kutafuta mhuri, ambao ulikuwa mbele yake. Na mke wa sajini akaanza kulia pale pale, wima, kwa sauti kubwa, kwa lugha ya kwao, akiita jina la mumewe, na watoto nje wakamsikia na kuanza kulia pia. Kapteni aligonga mhuri wake mara mbili mahali pamoja, na hakuthubutu kumuuliza analilia nani.